Aliyekurusha Ndiye Atakayekushusha

Sisi watu wa Dodoma tunausema vibaya upepo wetu. Unatia vumbi kwenye chai, unakupeperushia khanga mbele ya wakwe, unang'oa bati ulilopigilia juzi tu. Mimi pia nilikuwa nausema vibaya, mpaka wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliponifundisha kuupanda.

Wifi ni mtu wa Kondoa, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mbuzi aliye mlima wa pili. Kabla ya kuolewa na kaka alifanya kazi ya hoteli Unguja, kwenye ufukwe ambako wageni huvutwa na matiara juu ya maji. Usifikirie yale ya karatasi na vijiti tuliyorusha utotoni. Haya ni ya kitambaa kigumu, makubwa kiasi kwamba ukilitandaza moja sebuleni lazima utoe makochi nje. Kila tiara lina kamba nne ndefu zinazoishia kwenye mpini unaoushika kwa mikono miwili, na mpini wenyewe unanasa kwenye ndoano ya mkanda uliojifunga kiunoni. Tiara linashika upepo, wewe umesimama juu ya ubao, mnakwenda. Baharini ubao unateleza majini. Wetu una magurudumu manne manene, kwa sababu bahari yetu ni udongo.

Udongo wenyewe ni mbuga moja iliyo kando ya barabara iendayo Manyoni. Masika inajaa maji na watu wanavua kambale. Kiangazi kikiingia inakauka, inabaki tambarare, ngumu, nyeupe kwa chumvichumvi, bila mti wala kisiki. Mwezi wa saba ukifika, upepo wa mashariki unapiga pale kuanzia asubuhi mpaka jua linapoelekea kuzama. Wifi aliiona siku moja kwenye dirisha la basi akitoka Singida, na anasema nusura amwambie dereva amshushe.

Nilipokwenda naye mara ya kwanza nilidhani nitafundishwa kuruka. Nikafundishwa adabu. Siku nzima nilishika tiara la wifi, nikalala kifudifudi kulizuia lisipeperuke, nikakunja kamba, nikasikiliza somo. Nilikuwa mtu mzima, na kazi yangu ya miche ya zabibu kule Makutupora ina vijana wanaoniamkia, lakini pale mbugani nilikuwa mwali anayefundwa.

"Kwanza salamu," alisema wifi. "Ukikuta watu, hufungui begi lako ukaanza kutandaza makamba kama umefika kwako. Unasalimia, unauliza upepo umeamkaje, unauliza wanatua upande gani. Hata kama unawachukia."

Kisha yakafuata mengine. Kamba ya mwenzio haikanyagwi, hata ikiwa imelala chini haina kazi. Anayeanza safari anapishwa na aliye tayari mwendoni. Mkipishana, yule aliye upande unakotoka upepo anainua tiara lake juu, na yule wa upande wa pili analishusha la kwake, ili kamba zisibusiane. Ukitaka kurushwa unamwomba mtu akushikie tiara; yeye anakagua kamba, wewe unakagua, unanyoosha dole gumba, ndipo anaachia. Na ukitaka kushuka unajipigapiga utosini kwa kiganja. Kila anayekuona anaacha starehe yake, anakuja, wewe unalileta tiara taratibu pembeni mpaka karibu na ardhi, naye analidaka.

"Na kama aliyeniona ana haraka zake?" niliuliza.

"Hana haraka. Akishaona utosi unapigwa, haraka yake imekwisha."

Jioni hiyo alinionyesha kwenye simu watu wa nchi za baridi wanaovutwa na matiara juu ya theluji, wamevaa makoti mpaka wamekuwa duara kama magunia ya mtama. Katikati ya ule weupe mmoja wao akasimama akaanza kujipigapiga kwenye kofia yake ya sufu, na mwingine akaja mbio kutoka mbali, anaanguka, anainuka, mpaka akalidaka. Nilicheka sana. Adabu za wifi zilikuwa zimefika mpaka kwenye barafu.

Sisi tuliongeza mbili za kwetu. Ya kwanza ni ng'ombe. Ile mbuga ni njia ya wafugaji kwenda kunywesha, na ng'ombe akiona kivuli kikubwa kinamkimbilia chini haulizi ni cha nani, anatimua. Kwa hiyo vumbi la ng'ombe likionekana, matiara yote yanashuka, hata kama upepo ni mtamu namna gani. Ng'ombe hapishi mtu, na hakuna aliyewahi kuliona hilo ni la ajabu.

Ya pili ilikuwa ya wifi mwenyewe, na aliilinda kuliko zote: aliyekurusha ndiye atakayekushusha. Haondoki. Kule Unguja kuna bwana mmoja alimrusha, akamnyooshea dole gumba, halafu akaenda zake kunywa chai. Upepo ukakua. Ufukwe ukawa mtupu, wifi akawa anajipiga utosi mpaka kilemba kikamvuka, hakuna wa kumdaka. Alipotua hatimaye ilikuwa kwa kujibwaga kwenye matumbawe, na kovu lipo gotini mpaka leo. Basi kwetu ukikubali kumshikia mtu tiara umeshakubali na kumngoja. Njaa ikikuuma, vumilia. Mvua ikija, lowa.

Kaka yangu hakuhesabiwa. Alituendesha mpaka mbugani kwa sababu anampenda mkewe, lakini alipewa tiara ashike mara moja tu. Alilishika juu chini, akaliachia kabla ya ishara, likamzunguka, likajibamiza kwenye kioo cha mbele cha gari lake mwenyewe. Tangu siku hiyo wifi alimpiga marufuku. "Wewe kaa garini, baba, usikilize mpira." Naye alikaa, bila kinyongo, akala karanga.

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Wageni walikuja mara mojamoja kutoka Arusha au Dar, lakini siku za kawaida kwenye mbuga ile kubwa tulikuwapo wifi, mimi, na kaka na karanga zake. Mimi nikitaka kuruka nilimhitaji wifi, na wifi akitaka kuruka alinihitaji mimi.

Lazima niseme pia kwa nini alinichukua. Mume wangu alikuwa amepata kazi Mwanza, na makubaliano yalikuwa nimfuate. Nikamwambia mwezi ujao, tukishavuna. Tulipovuna nikamwambia mwezi ujao, tukishapogoa. Zabibu za kwetu zina misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo sababu hazikuniishia. Zilimwishia yeye hamu ya kuuliza. Siku moja akanipigia kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba nisijisumbue tena, na baada ya hapo nilikaa nyumbani kwangu Mkonze nimefunga mapazia. Wifi ndiye aliyekuja na sufuria la pilau, akayafungua mapazia, akakaa. Alikuja tena kesho yake. Na keshokutwa. Alipochoka kunitazama nikilia akasema, "Vaa viatu vya kufunga kamba, tunakwenda mahali." Ndipo nikaijua mbuga. Sijui kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kunifanyia zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana.

Ilikuwa Jumamosi, na wageni wawili wa Arusha walikuwapo. Mmoja wao alinishikia tiara. Mimi nina ugonjwa wa kukagua: nikishakagua kamba, nakagua tena, nanyoosha dole gumba, nalishusha, naangalia ndoano, nalinyoosha. Yule mgeni wa watu akachoka kushika. Wifi alikuwa mwendoni, anazunguka mbali kuniachia nafasi kama adabu inavyotaka, akizunguka, akizunguka. Mwishowe akaona huyu leo haondoki, akakatiza mbele yangu. Sekunde ileile nami nikaondoka. Kamba zake zikashikana na zangu, matiara yakakumbatiana hewani yakaanguka pamoja, na sisi wenye nayo tukaburutwa kila mtu na upande wake, suruali zetu zikapata matundu.

Mpaka leo nasema haki ilikuwa yangu. Anayeanza anapishwa. Nikainuka na vumbi langu mdomoni nikapiga kelele, "Hizo adabu zako umezisahau Unguja?"

Mbele ya wageni, haikuwa lugha nzuri. Lakini ilikuwa ni ya mbugani, ingeishia palepale. Wifi naye akafuta uso akanijibu, "Nikusubiri mpaka lini? Ndiyo maana hata mumeo alichoka kukusubiri."

Mgeni mmoja akaanza kukagua gurudumu lisilo na tatizo. Mimi nilifungua kamba zangu moja moja kutoka kwenye zake, nikakunja tiara, nikaenda kukaa garini kiti cha nyuma. Kaka akanipa karanga. Nikazikataa, ndipo akajua mambo si mazuri.

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Neno lile nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo Makutupora kwenye miche. Lingekuwa la uongo lingeniuma kidogo, nikalitupa. Ningemsamehe wifi palepale kama angesema tu samahani, lakini wifi naye ni mtu wa Kondoa kwelikweli, akishapanda mlima wake hateremki kwa kuitwa. Naye alikuwa anangoja yangu, kwa ajili ya lile la Unguja. Tukanuniana.

Sasa hebu fikiria kununiana na mtu wa pekee anayeweza kukurusha, tena katikati ya msimu wa upepo. Wiki ya kwanza nilikaa nyumbani nikisikia bati zinavyolia, kila mlio unanisuta. Jumamosi iliyofuata kaka akaja, akapiga honi, na kiti cha mbele wifi amekaa anatazama nje. Nikaingia nyuma. Tukaenda mbugani.

Tuligundua kwamba adabu za tiara zina maneno yake, na kwamba maneno hayo si mazungumzo. Wifi alilishika tiara langu, akakagua.

"Kamba?"

"Sawa."

"Ndoano?"

"Sawa."

Dole gumba. Akaachia. Nikaenda. Nilipochoka nikajipiga utosi, akaja akanidaka, akageuka bila kunitazama. Zamu yake nami nikafanya hivyohivyo. Tukapishana mara nyingi, yeye anainua, mimi nashusha, kwa heshima ambayo hata mabalozi wangetuonea wivu. Hatukuwahi kuruka kwa adabu safi kama kipindi hicho tulichochukiana.

Mengine yote yalipitia kwa kaka. "Mwambie wifi yangu chupa yake ya maji iko chini ya kiti." "Mwambie wifi yangu nimeiona." Kaka aligeuza shingo huku na huku mpaka akaniuliza kama kuna dawa ya kuchua. Mama yangu aliye Mvumi alizipata habari, naye akanipigia. "Hasira hasara, mwanangu," akasema. "Huyo ndiye aliyekufungulia mapazia." Nikamwambia najua. "Unajua halafu unafanyaje?" Nikasema mtandao unasumbua.

Ndipo uhamisho ukatoka. Kaka ni mtumishi wa serikali, na mtumishi akiambiwa Mpanda anafungasha. Mpanda ni mbali, na kwa masimulizi ya waliofika ni miti tu, hakuna pa kurushia hata leso. Kaka aliniambia jikoni kwangu, akashusha sauti kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Mwisho wa mwezi tunaondoka. Zungumzeni basi." Nilimjibu kwamba aliyekosea anajua pa kuanzia. Alipoondoka nikakaa juu ya kigoda nikalia, kwa hasira na kwa hofu pia, maana niliona wazi jinsi itakavyokuwa. Atapanda gari, tutaagana kwa kushikana mikono mbele ya majirani, na lile neno litabaki kati yetu mpaka tuzeeke. Ndugu wengi nawafahamu wanaosalimiana misibani tu, na ukiuliza chanzo hakuna anayekumbuka vizuri.

Wiki za mwisho nilingoja aseme. Nilipeleka maboksi, nikafunga vyombo vyake kwa magazeti, naye akanishukuru kwa kupitia kaka. Hakusema.

Siku yenyewe lori la mizigo lilitangulia, na tiara la wifi ndani yake, limekunjwa kati ya godoro na meza. Kaka na mkewe wakafuata na gari lao. Mgeni anasindikizwa, na kununa hakufuti wajibu, kwa hiyo nami niliwasha gari langu dogo nikawafuata nyuma, nikijiambia nitafika mpaka mbugani halafu nirudi. Tulipofika pale, kabla sijawasha taa ya kuwaashiria, gari lao likakata kona, likaacha lami, likaingia kwenye mbuga. Nikalifuata.

Wifi alishuka akasimama, akanyoosha kiganja hewani. Upepo ulikuwa umekaa sawasawa, mzito, bila kurukaruka. Akaja mpaka kwenye buti ya gari langu, ambamo tiara langu lilikuwamo pamoja na ubao na mkanda kwa mazoea tu, akafungua bila kuniomba ruhusa, akaanza kulitandaza.

"Hatuna muda!" kaka alipiga kelele dirishani. "Tunatakiwa tulale Tabora!"

Wifi aliendelea na kazi yake. Alitandaza kamba, akazipitisha vidoleni kuondoa vijiti, akalisimamisha tiara akalishika. Mimi nikavaa mkanda, nikasimama upande wangu. Tulikuwa mbali kwa urefu wa kamba, na upepo ulimletea sauti yangu lakini yake ilibidi aipaaze.

"Kamba?"

"Sawa."

"Ndoano?"

"Sawa."

Nikanyoosha dole gumba. Safari hii sikulishusha. Akaachia.

Sijui kama nitaweza kueleza utamu wa siku ile. Ubao ulilia juu ya udongo mkavu, vumbi jembamba likaniandama nyuma, tiara likavuta bila kunishtua. Nilikwenda mpaka upande wa pili wa mbuga, nikageuza, nikarudi. Nilipompita wifi nikamwona amesimama palepale alipoachia, mikono kifuani, amefinya macho kwa vumbi. Nikageuza tena. Katika ile kona ya tatu au ya nne ndipo wazo likanijia, nikacheka peke yangu kwa sauti.

Hawezi kuondoka. Mradi mimi niko juu ya ubao na tiara liko angani, mwanamke yule haendi Mpanda. Sheria ni yake mwenyewe.

Basi nikaendelea. Nilikwenda na kurudi, na kurudi. Kaka akapiga honi. Nikampungia mkono. Akapiga tena, ndefu, ya mtu aliyeanza kuchoka. Nilipopita mara nyingine alikuwa ameshuka garini, anamwonyesha mkewe saa, na wifi anatikisa kichwa. Nilipopita tena kaka alikuwa anatembea kuja katikati ya mbuga, mikono ameitanguliza mbele, na nikaelewa kwamba kaka yangu mpendwa ameamua kunishusha yeye. Sauti ya Kondoa ikasikika mpaka kwangu, juu ya upepo na magurudumu. "Rudi garini! Hili si lako!"

Akarudi. Wifi naye, kwa gauni lake jipya la safari, akavua viatu, akaviweka kando, akaketi chini kwenye chumvichumvi. Akakunja miguu kama mtu aliye barazani kwake.

Hapo kicheko changu kikaanza kuniisha. Mikono ilichoka. Jua lilikuwa linapanda, na yule mtu ameketi pale hana kivuli wala maji, gari linangoja, mume ananuna, Tabora iko mbali, naye hanyanyui hata mkono kuniambia inatosha. Kila nilipompita nilimtazama, naye alinitazama. Sikumwona na hasira. Nilitaka kushuka, na nilijua nikishuka anaondoka, na kati ya hayo mawili sikuwa na la kuchagua. Nikawa naruka huku machozi yanakauka na vumbi usoni, na sikuwa na mkono wa ziada wa kuyafuta.

Ng'ombe ndio walioamua. Upande wa kusini niliona vumbi limeinuka, pana, linasogea polepole, na chini yake pembe. Ningemngojesha wifi, ningemngojesha kaka na serikali iliyomhamisha, lakini vumbi la ng'ombe likionekana matiara yanashuka. Nikamkaribia wifi. Nikaachia mpini kwa mkono mmoja, nikajipiga utosini.

Alikuwa ameshasimama kabla kiganja changu hakijagusa kofia. Akaja peku, gauni limekusanywa mkononi. Nikalishusha tiara pembeni, taratibu, akalidaka, akalilaza, akalibebesha udongo lisipae. Kwa kawaida kazi ya mdakaji inaishia hapo, anageuka anaenda zake, na kwa muda wa msimu ule wifi alikuwa amegeuka kila mara. Sasa akazifuata kamba, pembeni, bila kukanyaga hata moja, mpaka akafika nilipo.

Mashavu yake yalikuwa meupe kwa vumbi, na nadhani yangu pia.

"Nimekusubiri," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ningekusubiri mpaka usiku uingie. Lile neno nililosema, wifi, ni neno baya. Nilijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia nami nisamehewe kwa lile la Unguja, lakini badala yake nikamkumbatia na mkanda wangu na ndoano yake, ikamchoma tumboni, akapiga yowe, tukaanza kucheka. Tulicheka na kulia mpaka ng'ombe wakafika. Mfugaji aliyekuwa mbele, mzee wa makamo yake, akaliona tiara limelala, akatuona sisi wawili tumeshikana, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Tukaitikia kwa pamoja, wifi kwa lafudhi yake ya Kondoa. Mzee akaangalia nyuso zetu, akaona si mambo ya kuulizia, akapitisha mifugo yake.

Kaka akaleta karanga. Nilizipokea, na akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Wifi alipokwisha kuvaa viatu na kufunga mlango, akashusha kioo. "Mpanda utakuja lini?"

Mdomo wangu ulishafunguka. Herufi ya kwanza ya 'mwezi ujao' ilikuwa mdomoni, na mavuno kweli yalikuwa hayajaisha, na miche ya kupogoa ilikuwapo. Nikamwona anavyonitazama.

"Ijumaa hii inayokuja," nikasema.

"Ijumaa hii sisi wenyewe tutakuwa hatujafungua maboksi!"

"Nitafungua. Mimi ndiye niliyeyafunga."

Gari likaondoka. Kabla halijashika lami, mkono wa wifi ukatoka dirishani, ukapanda juu ya paa la gari, ukapigapiga pale mara kadhaa, pole pole, kama anavyopigwa mtu utosi. Nilisimama nikilitazama mpaka likapotelea upande wa Manyoni, halafu nikakunja tiara langu peke yangu, jambo ambalo ni gumu kwenye upepo na ambalo sikulifanya vizuri.

Ijumaa ile basi la Mpanda lilichelewa. Lilipoingia stendi lilinikuta nimekaa juu ya begi langu, nalisubiri.